Ugonjwa wa Binti, Kikao cha Wajomba

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Tanzania ilipoamua kuitoa tiba ya akili nje ya kuta za hospitali ya Mirembe na kuishusha hadi zahanati za vijijini, mikoa miwili ilichaguliwa kwa majaribio: Kilimanjaro na Morogoro. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilileta utaalamu, Denmaki ikatoa fedha kupitia shirika lake la misaada, DANIDA, na wahudumu waliozoea malaria na kuhara wakafundishwa kumtambua mtu aliyechanganyikiwa, kumpa dawa na kumfuatilia akiwa kwao. Halikuwa jambo dogo. Kabla ya hapo, kwa watu wengi kutibiwa akili maana yake ilikuwa kusafirishwa hadi Dodoma, kwenye hospitali iliyofunguliwa mwaka 1927, ambayo jina lake limekuwa tusi la mitaani. Mpaka leo, ukibishana na kondakta pale stendi ya Msamvu, Morogoro, anaweza kukuuliza umetoroka lini Mirembe.

Miaka zaidi ya 40 imepita. Vidonge vinafika, ingawa si kila mwezi. Kinachonishughulisha hapa ni kauli. Daktari akishaandika jina la ugonjwa kwenye daftari, nani mwenye haki ya kulipokea, na nani mwenye haki ya kulipinga? Vitabu vya tiba hujibu kana kwamba mgonjwa yuko chumbani na daktari wake, wawili tu. Uluguruni, milimani huku Morogoro, mtu haugui peke yake.

Kwa hiyo nimewakutanisha watu saba kwenye uwanja wa nyumba moja huko Mgeta, mahali ambapo matuta ya kabichi na karoti yamepanda mlima mpaka unajiuliza mkulima anasimamaje. Watu hawa nimewatunga, ndiyo maana sikuwapa majina. Hoja zao si za kutunga. Atakayekaa siku nzima kwenye benchi la kliniki ya akili atazisikia zote kabla ya saa sita. Binti anasoma mwaka wa tatu katika chuo kimoja mjini. Daftari lake lina majina mawili: ukurasa wa kwanza umeandikwa skizofrenia, ukurasa wa tisa bipola. Mjomba ni kaka wa mama yake, na kwa Waluguru hilo ni cheo. Wapo Mama, Baba, Muuguzi aliyepanda na gari la asubuhi kutoka mjini, Mganga wa kijiji cha pili, na Mtani wa ukoo, ambaye hakualikwa.

MJOMBA: Nianze mimi. Shemeji yupo hapa na tunamheshimu, lakini mtoto ni wa ukoo wa mama, na wa kulijibia jambo lake ni mimi. Sista, karibu sana kwetu. Ila kuna neno ulilisema hospitali likanikosesha usingizi. Ulimuuliza dada yangu: upande wenu nani mwingine amewahi kuugua hivi? Unajua swali hilo linafanya nini huku juu? Nina mabinti wengine wa ukoo huu hawajaolewa. Ukishaandika kwamba ugonjwa uko kwenye damu, umewaandika wote.

MUUGUZI: Baba, sikuandika damu. Nimeuliza historia ya familia. Tunamuuliza kila mtu.

MTANI: Lakini marehemu mjomba wenu wa Tegetero si alivua nguo gulioni mchana kweupe? Mkasema karogwa kwa ajili ya migomba. Mimi mtani wenu, nimemzika, nimekula ubwabwa wake, niacheni niseme. Sista, andika: yupo mwingine.

MJOMBA: Huyu nani kamkaribisha?

Hakuna aliyemkaribisha, na hakuna atakayemfukuza. Utani wa Waluguru umeandikwa na wasomi tangu zamani. Mmarekani James Christensen alichapisha makala nzima juu yake mwaka 1963. Mtani ndiye peke yake kwenye kikao hiki anayeweza kutamka kichaa bila kutozwa faini, na kila ukoo unaoficha jambo unamhitaji mtu wa namna hiyo.

Lakini Mjomba asichekwe haraka. Kwenye semina za afya huwa anawekwa kundi la wenye imani potofu, kisha anapewa kipeperushi. Hoja yake haihusu imani. Anapiga hesabu. Kwenye ukoo unaofuata mama, ambako ardhi na jina vinapita kwa wanawake, ugonjwa ukiitwa wa kurithi doa linabaki kwa dada zake, kwa wapwa zake na kwa watoto wao. Shetani hutoka nje ya ukoo, hudai chake, akaondoka. Ugonjwa wa damu hauondoki. Mtu anayechagua maelezo ya shetani mbele ya hesabu hiyo si mjinga.

MAMA: Mnazungumza mabinti wa kuolewa, mimi nazungumza huyu. Siku nne hakulala. Saa nane za usiku nimeamka namkuta kwenye matuta, anapalilia kabichi kwa tochi ya simu, anaimba. Magugu kang'oa, na miche kang'oa. Nikimwambia mwanangu ingia ndani, ananieleza atanunua lori tatu apeleke mboga Dar mwenyewe. Zile fedha zao za mkopo zilikuwa zimeingia wiki ile. Alinunua simu tatu.

MTANI: Na moja haikuwa na betri.

MAMA: Nikampeleka kwa Babu huyu hapa. Kisha nikampeleka hospitali. Kisha nikarudi kwa Babu. Mimi katika hili sina dini. Kinachomlaza mwanangu, nakibeba.

MGANGA: Nami niseme, kwa kuwa nimetajwa. Nina cheti, nimesajiliwa. Sheria ya tiba asili ipo tangu mwaka 2002. Mama huyu aliponiletea binti, nilikaa naye tangu jua linatoka mpaka linazama. Sikumwambia ni mizimu. Nilimwambia mama: mizimu ina haya, inadai kitambaa, inadai kuku, ikipata inatulia. Mizimu hainunui simu tatu. Huyu kachoka kichwa, mpeleke kwa wenzangu.

MJOMBA: Hukuniambia hayo.

MGANGA: Hukuja wewe. Ulituma kuku.

Nimependa mganga wangu awe hivi kwa sababu waganga wa namna hii wapo wengi kuliko wanavyoandikwa magazetini. Mganga mzuri hutenganisha: hili la kwangu, hili si la kwangu. Ni uchunguzi, hata kama vipimo vyake ni vingine. Na kuna jambo watu wa hospitali hawaliangalii vya kutosha. Hapa milimani hakuna anayeipokea ramli ya kwanza kama ilivyo. Mtu akiambiwa na mganga wa Kinole kwamba karogwa na jirani, anateremka hadi Mkuyuni kusikia wa pili anasemaje, na wakitofautiana anamtafuta wa tatu. Kuhoji hukumu juu ya ugonjwa ni desturi ya zamani huku, pengine tangu enzi watu walipokuwa wakipanda kwenye pango la Kolelo upande wa Matombo kuomba mvua na kuuliza mambo yao. Daktari hahojiwi hivyo. Daktari huitikiwa ndiyo mbele ya meza, na anahojiwa kwa kupotea: tarehe ya kliniki inafika, mgonjwa haonekani, na kwenye rejesta anaandikwa mtoro.

MUUGUZI: Hapo umesema kweli, na ndipo penye uchungu wangu. Mgonjwa akiniambia "Sista, mimi siamini kwamba ni skizofrenia," namjua huyo: baada ya miezi miwili ataletwa amefungwa kamba mikononi, dawa aliziacha. Ndiyo maana nasisitiza akubali. Sitafuti ushindi.

BINTI: Mjomba, shikamoo. Baba, shikamoo. Mama, Sista, Babu, shikamooni. Naomba kusema.

MJOMBA: Marahaba. Lakini mwanangu, mgonjwa haulizwi uji.

BINTI: Uji nisiulizwe, sawa. Niulizwe valproeti.

MTANI: Ndiyo mdudu gani?

BINTI: Ndiyo dawa ninayokunywa sasa. Nianze mwanzo. Mara ya kwanza nilipelekwa usiku, sijalala wiki, nasema ovyo. Daktari wa zamu aliniona muda mfupi, akaandika skizofrenia. Nikachomwa haloperidoli. Kesho yake taya likakaza, ulimi ukatoka nje, shingo ikapinda upande, nikajua nakufa. Mama akasema mashetani yamekasirika. Kumbe ni dawa. Wakanipa atane, baada ya muda nikafunguka. Hakuna aliyekuwa amenionya. Miezi minane baadaye, hospitali nyingine, daktari mwingine akaniuliza jambo ambalo wa kwanza hakuliuliza: kabla ya kipindi hiki, uliwahi kukaa wiki nyingi huna hamu ya kitu chochote? Niliwahi. Mwaka wa kwanza sikuingia darasani karibu muhula mzima, nilikuwa naangalia ukuta. Akasema ile ilikuwa sonona, basi akafuta, akaandika bipola. Kwa hiyo, Sista, yule aliyeikataa skizofrenia kwenye ukurasa wa kwanza alikuwa na haki au hakuwa nayo?

MUUGUZI: Alikuwa na haki.

BINTI: Na yule aliyeandikwa mtoro ndiye huyohuyo.

MUUGUZI: Nisikilize na mimi, mdogo wangu. Magonjwa haya hayana kipimo cha damu. Tunachoweza kupima ni yale yanayofanana nayo: malaria iliyopanda kichwani, kaswende, VVU, sukari. Tunauliza bangi, tunauliza gongo. Yakishaondolewa hayo, kinachobaki ni maneno ya mgonjwa, maneno ya ndugu, na muda. Muda ndiyo hatuna. Foleni ukiiona asubuhi inafika getini. Mtu aliyekuja anaona vitu visivyokuwepo na hajalala wiki nzima, usiku wa kwanza hujui ni kipi kati ya viwili au vitatu. Unaandika kilicho karibu ili apate dawa.

Hapa namuunga mkono Muuguzi. Hata vitabu vyenyewe havikubaliani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ambao toleo lake la 11 lilianza kutumika Januari 2022, unataka dalili za skizofrenia ziwe zimedumu mwezi mmoja. Ule wa Wamarekani unataka dalili za ugonjwa zionekane kwa miezi sita. Binti yuleyule, mwezi wa tatu, kitabu kimoja kinamwita mgonjwa wa skizofrenia na kingine bado. Mwongozo huohuo wa WHO unasema kwamba mtu kupandwa na pepo si ugonjwa ikiwa ni sehemu ya ibada au desturi inayokubalika kwao. Yaani daktari anayefuata kitabu vizuri analazimika kuuliza kwanza kijijini kwenu inakuwaje. Sijui ni wangapi wana nafasi ya kuuliza.

BABA: Mimi niseme moja tu. Magunia ya karoti niliyouza kwa safari hizi nayajua. Huduma ya akili tunaambiwa ni ya bure. Ukifika dirishani, dawa imekwisha, kanunue nje.

MUUGUZI: Ni kweli, Baba.

MJOMBA: Turudi. Mnasema bipola, mnasema sonona. Miaka yangu yote sonona sikuisikia hapa. Watu walifiwa, mvua ikakosekana, wakalia, wakapiga ngoma, wakaamka kulima. Haya ni magonjwa ya Wazungu na ya watoto wa chuo.

BINTI: Mjomba, unajua nani mwingine aliyasema hayo? J. C. Carothers, daktari Mwingereza aliyeiongoza hospitali ya Mathari, Nairobi. Aliandika kwamba Mwafrika hapati sonona kwa sababu hana uwezo wa kujilaumu. Kitabu chake Shirika la Afya Duniani lilikichapisha mwaka 1953, na ndani yake akili ya Mwafrika inalinganishwa na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikamtumia kueleza Mau Mau kama tatizo la akili. Watu walidai ardhi, akawaandikia cheti.

MTANI: Kumbe Mjomba ni Mwingereza!

Ni utani, lakini umegusa. Dhana kwamba Mwafrika hasononeki ilikuwa ya kitaalamu kabla haijawa ya wajomba, na iliangushwa kwa kazi ya kuhesabu watu. John Orley na John Wing walikwenda vijiji viwili vya Uganda wakiuliza maswali yaleyale yaliyotumika kwa wanawake wa London. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1979 yalionyesha sonona kuwa nyingi zaidi vijijini Uganda kuliko London. Habari za Carothers, kwa hiyo, zinakata pande zote mbili. Anayetaka kuhoji madaktari anapata ushahidi kwamba jina la ugonjwa linaweza kuwa silaha ya mtawala. Anayetaka kuukana ugonjwa kabisa anajikuta amekaa benchi moja na mtawala huyo.

MUUGUZI: Naomba niwaambie ya kwetu. Mimi ni Mpogoro, kwetu Mahenge, mkoa huuhuu. Kwetu kifafa ni kama homa kwa wingi wake. Bibi zetu walisimulia mtu wa kifafa alivyokula peke yake, kibakuli chake kando, kwa hofu ya mate yake. Akianguka motoni, watu waliogopa kumshika. Ndiyo maana utawaona wazee wenye makovu makubwa ya moto. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari wa Kinorwe, mama mmoja anaitwa Louise Jilek-Aall, akafungua kliniki ya kifafa pale. Hakuwashinda watu kwa maneno. Aliwapa fenobabitoni, wakaacha kuanguka. Jirani akaona fulani hajaanguka tangu mavuno, akamleta mwanawe.

MGANGA: Na chanzo aliwaambia ni nini?

MUUGUZI: Hakukijua chote. Aliandika kuhusu watoto wanaosinzia kichwa, kichwa kinadondoka, kinainuka, kinadondoka, na mwisho wanapata kifafa. Watafiti wetu akina Rwiza na Kilonzo walipopita vijiji 11 vya Ulanga, kwenye watu zaidi ya 18,000 wakakuta 207 wana kifafa. Wakachapisha mwaka 1992. Watu wakabaki wanajiuliza kwa nini huku. Miaka ya karibuni ndipo ushahidi umekuwa ukijengeka kwamba kuna uhusiano na usubi, ugonjwa wa minyoo inayoenezwa na inzi wadogo weusi wa mitoni.

MGANGA: Kwa hiyo miaka hamsini mlikuwa mnatibu kitu msichojua kilikotoka.

MUUGUZI: Tulikuwa tunazuia watu kuungua.

Kwa maoni yangu, mjadala mzima unageukia jibu hilo. Pale Mahenge mtu aliweza kuendelea kuamini asili ya kifafa anavyotaka, na bado akameza kidonge kila jioni. Maelezo ya kitaalamu yenyewe yalikuwa yanasogea: kwanza kifafa tu, baadaye kifafa cha mahali penye usubi, na kesho pengine kitaongezwa kingine. Kama wagonjwa wangetakiwa kukiri maelezo kabla ya kupewa dawa, wangekuwa wamekiri jambo ambalo sasa madaktari wenyewe wanalirekebisha. Muuguzi wetu anayajua haya ya kwao, lakini akivaa sare mjini anasahau, anamdai mgonjwa jina kwanza. Kuhoji jina ni jambo moja, kuacha dawa ni jambo la pili. Kliniki ikiyafunga pamoja, mgonjwa anayetaka la kwanza anasukumwa kwenye la pili.

MAMA: Sista, na huyu Babu akisema ni vizuri tukifanya tambiko la bibi yake?

MUUGUZI: Fanyeni. Asifungishwe mpaka akaruka dozi, na asinyweshwe mitishamba bila kuniambia mimi ni mti gani. Zaidi ya hapo mimi sina neno.

MJOMBA: Kumbe tunaelewana.

BINTI: Hatujaelewana bado.

Kabla hajaendelea, ni haki upande wa Mjomba upewe shahidi wake bora. Miaka ya 1990 Mmarekani Juli McGruder alikaa na familia za Zanzibar zenye wagonjwa waliotibiwa skizofrenia kwenye hospitali ya Kidongo Chekundu. Aliona kwamba katika nyumba ambako ugonjwa ulielezwa kwa mashetani, mgonjwa hakusakamwa. Shetani akipanda, watu walisubiri. Akishuka, mtu alirudi kuwa dada au kaka kama kawaida, akapewa sahani na kazi zake. Hakuna aliyemdai ajirekebishe tabia, kwa kuwa tabia ile haikuwa yake. Na inajulikana kitaalamu kwamba mgonjwa anayeishi kwenye nyumba ya lawama na kelele hurudiwa na ugonjwa mapema zaidi. Utafiti mkubwa wa WHO ulioanza miaka ya 1960 katika nchi tisa, Nigeria ikiwemo, ulikuta wagonjwa wa nchi maskini wakipata nafuu zaidi kuliko wa nchi tajiri. Wataalamu bado wanagombana kuhusu sababu. Lakini anayemwambia Mjomba kwamba maelezo yake hayana faida yoyote ajiandae kujibu hayo.

Upungufu wake ni kwamba shetani anayesamehewa Zanzibar, mahali pengine anafungiwa chumba cha uani na mnyororo mguuni. Maelezo ya mashetani hayamlindi mtu yenyewe kwa yenyewe. Kinachomlinda ni nyumba anayoishi.

BINTI: Mimi nitasema nilichopata na nilichopoteza kwa jina hili, maana wote mnapiga hesabu za ukoo na hakuna aliyeniuliza za kwangu. Nilichopata: nilikuwa nimeshakosa mitihani, jina langu lilikuwa kwenye karatasi ya disko, ya wanaofukuzwa chuo. Daktari akaniandikia barua, chuo kikaniruhusu kuahirisha mwaka. Angeandika "kachanganyikiwa kidogo" au Babu angeandika "kachoka kichwa", leo nisingekuwa mwanafunzi. Jina lilinibeba. Nilichopoteza: niliyekuwa nakaa naye chumba alihama bila kuniaga. Nikicheka sana wananitazama. Nikinyamaza wananitazama. Siku nikigombea haki yangu kwenye kikundi cha kazi, mtu anauliza kama nimekunywa dawa.

MTANI: Mimi nitakuita mwehu mpaka nife, lakini kazi nitafanya na wewe.

BINTI: Wewe una ruhusa. Sasa la dawa. Valproeti, mwanamke akishika mimba anaitumia, karibu mtoto mmoja kati ya kumi anazaliwa na kasoro ya mwili, na watatu au wanne kati ya kumi wanachelewa kukua kiakili. Nimesoma. WHO mwaka 2023 ilionya isipewe wanawake wa umri wa kuzaa kama kuna nyingine. Nina miaka 23. Nani aliniambia? Mjomba, unaogopa mabinti zako hawataolewa kwa sababu ya neno bipola. Na mimi nikiolewa?

MUUGUZI: Nilitakiwa kukuambia. Wengi tunatoa kilichopo stoo. Lithiamu inataka kupima damu mara kwa mara, na mara nyingi hakuna pa kupimia.

BINTI: Basi nimeamua nitapunguza mwenyewe. Nusu kidonge wiki hii, wiki ijayo robo.

MUUGUZI: Hapana.

MAMA: Mwanangu!

Nami hapa simfuati. Mpaka sasa nilikuwa upande wa Binti karibu kwa kila neno, na hoja yake ya valproeti ni nzito kuliko zote zilizosemwa uwanjani. Lakini dawa ya namna hii ikikatwa bila mtu wa kuangalia, kipindi kinaweza kurudi kikiwa kikali, na Binti atakaporudishwa hospitali usiku, hajalala, hakuna atakayemsikiliza kuhusu mimba. Hoja yake itageuzwa dalili. Hilo ndilo gumu la ugonjwa wa akili kuliko wa figo: mgonjwa wa figo akibisha ni mbishi, wa akili akibisha wanaandika kwamba hautambui ugonjwa wake. Ana sababu ya kubisha akiwa mzima, kwa maandishi, mchana.

MGANGA: Binti, mimi mtu akiona dawa yangu haimfai, namwambia arudi nayo, asiimwage njiani.

BINTI: Nirudi nayo niseme nini? Nikiingia pale nina dakika chache, daktari anaandika huku ananiuliza umelala, umekula, basi.

MUUGUZI: Andika. Kwenye daftari lako, ukurasa unaofuata bipola, kabla hajaandika yeye. Andika maswali matatu, akifungua ayakute. Moja, kwa nini bipola na si kingine, na nini kingemfanya abadili mawazo. Mbili, valproeti na mimba, na kama kuna dawa mbadala inayopatikana Morogoro. Tatu utaweka wewe.

BINTI: Tatu, nitakunywa mpaka lini.

MUUGUZI: Hilo mimi sina jibu lake. Na yeye akikujibu haraka, muulize tena.

MJOMBA: Sawa. Nakubali dawa aendelee. Neno bipola lisitamkwe kwenye harusi wala kwenye msiba. Na siku ya kliniki nitakwenda naye, nitaingia ndani, niyasikie hayo majibu.

BINTI: Mjomba, twende wote. Lakini utakaa kwenye benchi nje.

MJOMBA: Mimi? Nje?

BINTI: Nikitoka nitakuambia nitakachotaka kukuambia.

MJOMBA: Dada, unamsikia mtoto wako? Na nauli ya Mgeta mpaka mjini, kwenda na kurudi, watu wawili, nani analipa?

MTANI: Mwenye ukoo. Lipa ukakae benchi.